Revox A77 ya rili, uzoefu wangu baada ya kuifufua

Hii ni kwa wale wenye kanda za rili za wazee ndani na bado hawajui wanunue mashine gani ya kuzichezea. Mimi nilichukua Revox A77, kazi ya Willi Studer wa Uswisi, ilianza kutoka 1967, niko nayo hapa Dar na nasema wazi kabisa ichukue, ila usiichomeke kwenye umeme kabla hujaifungua.

Ninachoipendea zaidi ni mota. Ziko tatu, moja ya kuvuta tepu na mbili za kuzungusha rili, tepu haiendeshwi na mkanda wa mpira hata mmoja, na kwa sisi wa pwani hilo ni jambo kubwa sana maana mashine nyingi za zamani ukizifungua unakuta mikanda imeyeyuka imekuwa kama lami, kuisafisha tu ni shughuli nzito kabla hata hujaanza kutafuta mpya. Spidi nayo (ni mbili, sentimita 9.5 na 19 kwa sekunde) inasimamiwa na bodi yake ya elektroniki. Angalia tu pa kuchagulia volti pawe 240, isije kuwa iliachwa kwenye 110.

Sasa matatizo, na hapa naongelea uzee, sio ubaya wa kiwanda, hakuna aliyetengeneza mashine ya mwaka ule akitegemea ifike leo. Muuzaji aliiwasha mbele yangu ikacheza fresh kabisa, mara moshi, harufu kali inayokaba koo, yeye akajua imekufa akashusha bei. Haikufa. Ni zile kapasita (vidude vidogo vya umeme) za karatasi za kuzuia cheche, ganda lake la plastiki linapasuka lenyewe kwa miaka, unyevu unaingia, ukiipa umeme inalipuka. Weka mpya za aina ya X2, ni bei ndogo sana, na usibadilishe iliyolipuka peke yake, toa zote.

Tatizo lililonisumbua ni upande wa kushoto, sauti inakuja inapotea, mikwaruzo, ukigonga boksi inarudi. Fundi mmoja Kariakoo akaniambia hedi, yaani kile kichwa kinachosoma tepu, imekwisha nitafute nyingine, na hedi ndo kitu ghali kuliko vyote humo. Jamani msikubali hii kirahisi. Kadi za A77, yaani bodi zake ndogo za elektroniki, zinachomolewa, kwa hiyo unachukua kadi ya kuchezea ya kushoto unaibadilishana na ya kulia, ubovu ukihamia upande wa pili basi hedi ni nzima na shida iko kwenye kadi. Kwangu ubovu ulihama. Kumbe ni trimpoti, vile vidude vya kuzungusha na bisibisi, ndani vimeshika kutu. Kabla hujakitoa kipime omu kwa mita uandike, ukiweka kipya ukiseti hapohapo, vinginevyo kushoto na kulia havitalingana tena na utahitaji kanda maalum ya kupimia.

Baada ya hapo sauti ya hii mashine sijui niseme nini. Kanda za harusi za taarab, unasikia fidla na qanuni kila kimoja mahali pake, unasikia mpaka watu wanaongea nyuma.

Kabla hujalipa muulize muuzaji ni ya traki 2 au traki 4 (traki ni mistari ya sauti inayopita sambamba kwenye tepu), zote zilitengenezwa. Kanda ya nyumbani ya traki 4 iliyorekodiwa pande zote ukiiweka kwenye mashine ya traki 2 utasikia wimbo na chini yake mwingine unaimba kinyumenyume, na hilo halitengenezeki kwa spana wala kwa dua, ni hedi tofauti.

Na kanda zenyewe. Ikianza kulia kama mlango na kuacha ungaunga wa kahawia kwenye hedi simamisha palepale, hiyo imenyonya unyevu, hasa zile za Ampex 456. Hizo huwa zinakaushwa kwa moto mdogo wa nyuzi joto 54 hivi za Selsiasi kwa masaa mengi ndo zikubali kucheza, ila zile za asetati (aina ya plastiki ya zamani), ukiishika kwenye mwanga rili yake inapitisha mwanga, usizitie moto kabisa zitaharibika. Hedi futa kwa spiriti safi kila baada ya kanda. Mimi sasa nahamishia kwenye kompyuta moja moja, nimeanza na zile zilizochoka zaidi.