Chekeche la mchanga la mafundi wa Mwanza: linafaa kuchimbulia mambo ya kale?

Anayeanza kazi ya akiolojia ya kabla ya historia kwenye makumbusho za Kanda ya Ziwa hahitaji kusubiri chekeche la kuagiza nje. Hili la mafundi ujenzi, fremu ya mbao na wavu wa chuma, linafanya kazi, ila si kama linavyotoka kwa seremala.

Mbao yake haina tatizo. Tatizo ni mwanya kati ya wavu na fremu. Wavu hupigiliwa misumari kwa chini, kisha ukingo unabaki wazi kiasi cha kupitisha ukucha. Kigae (kipande cha chungu) cha mtindo wa Urewe kinabanwa humo leo. Kesho mmeshuka hadi tabaka la udongo la watu wa Kansyore, la zamani zaidi, mnatikisa, kinadondoka. Daftari litaonyesha vyungu vya Urewe, vya wakulima na wafua chuma, vilivyoanza kama miaka 2,500 iliyopita, vikiwa kwenye tabaka la Kansyore, la wavuvi waliowatangulia kwa maelfu ya miaka. Kosa hilo likishaingia kwenye droo ya makumbusho, kulitoa ni kazi kubwa mno. Kwa hiyo mwambie fundi azibe mwanya kwa fito nyembamba upande wa ndani, na atumie skrubu, kwa sababu mtikiso hulegeza misumari. Kila mnapobadilisha tabaka, lipindue, ligonge mgongoni, pitisha brashi kwenye kona zote nne.

Wavu mpya mara nyingi huja na mafuta ya kiwandani. Uoshe kwa sabuni, ukauke juani. Mafuta ya petroli yana kaboni ya zamani mno isiyobaki na mnururisho, na mkaa wa kale ukiyanyonya, kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri kwa mnururisho uliobaki, kitaupa umri mkubwa kuliko wake. Hata hivyo mkaa wa kupima usiupitishe kwenye chekeche kabisa: uchukue palepale ulipolala kwa ncha ya mwiko safi, ufunge kwenye karatasi ya alumini.

Tundu la milimita 5 linatosha kwa vigae. Kwa mifupa ya samaki halitoshi. Kamongo na kambale wakubwa watabaki juu, pingili za samaki wadogo zitapita, na ripoti itadai kwamba watu wa Kansyore walikula samaki wakubwa tu. Agiza la pili la milimita 2, liwekwe chini ya lile la kwanza. Wavu wa kuku ukatae: matundu yake ni makubwa na hutanuka.

Kwenye udongo wa luseni, yaani wa kichanga, chekeche hili ni raha tupu. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, linaziba baada ya ndoo chache, na hapo ndipo watu huanza kusukuma mabonge kwa mwiko. Msifanye hivyo. Mwiko huchora mfupa mistari inayofanana na ya kisu cha kale. Lowesha mabonge kwenye beseni, mwagia maji taratibu, lakini vigae vinavyomomonyoka vitolewe kwanza vikiwa vikavu.

Kama linavyouzwa, tunalipatia nyota 2 kati ya 5. Likishafungwa fito na skrubu, na kuoshwa, nyota 4. Ya tano tumeizuia kwa sababu ya mbuga. Na kabla ya kulipeleka popote, leseni ya uchimbaji iwe mkononi, kama inavyotaka Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.