Ms. Marvel: Bangili ya Bibi Imenishika Kuliko Mapigano

Assalaam alaykum watazamaji wangu, masalkheri. Leo nawazungumzia nikiwa juu darini, hapa kwetu Mkomani, Lamu, maana chini mtandao unakatikakatika. Mkisikia punda mnisamehe, ndiyo saa yao ya kurudi na mizigo.

Jana usiku nimemaliza sehemu mbili za kwanza za Ms. Marvel. Tamthilia hii ya msichana shujaa mwenye nguvu za ajabu ilianza tarehe 8 Juni 2022 kwenye Disney+, huduma ya kutazamia filamu mtandaoni, sehemu zote ni 6 na kila Jumatano ilitoka moja. Binamu yangu kaja likizo kutoka Uingereza, kazipakua kwenye tableti yake, tukaenda kuzitazama kwa bibi. Nitagusa mambo yaliyomo, kwa hivyo asiyetaka kuvunjiwa uhondo asimamishe video sasa hivi.

Haya. Kamala Khan ana miaka 16, anaishi Jersey City, Marekani, wazazi wake wametoka Pakistan. Anampenda Captain Marvel, shujaa wa kike anayeruka angani, kupita kiasi. Anachora, anaota mchana, na zile ndoto zake zinatembea ukutani nyuma yake kama katuni. Hata ujumbe wa simu hauandikwi kwenye simu, unawaka kwenye mabango ya barabarani. Nimependa sana ufundi huo. Iman Vellani, anayemwigiza, hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya uigizaji, na huwezi kuamini. Yule msichana haigizi ushabiki, anao kweli.

Lakini ngoja niwaambie palipotukalisha kimya. Kamala anataka kwenda kwenye tamasha la mashabiki wa Avengers, lile kundi la mashujaa, usiku. Wazazi wanakataa, kisha wanalegea: nenda, ila baba atakusindikiza. Baba anaingia chumbani kajipaka rangi ya kijani uso mzima, kavaa shalwar kameez, lile vazi la Kipakistani la kanzu na suruali, ya Hulk, shujaa jitu la kijani, na ya bintiye ipo, ya kufanana. Kafurahi kama mtoto siku ya Idi. Na Kamala anamwambia ni aibu. Ule uso wa kijani unavyonywea! Baba hasemi neno zito, anageuka tu na kutoka. Bibi yangu, ambaye Kiingereza hakifuati, akaiambia tableti, "Mwite arudi, mwanangu, mwite." Mimi machozi yalinilenga. Nimetazama mashujaa wengi wakibomoa miji mizima na sijawahi kuguswa hivyo.

Na hizo nguvu za ajabu anazozipata Kamala zinatoka wapi? Zinatoka kwenye bangili. Nyanyake aliye Karachi ametuma sanduku la vitu vya zamani, mama mtu anaviona takataka, Kamala anaivaa bangili ile kama pambo la vazi lake, na mkono unawaka. Jamani, nani hapa Lamu hana sanduku la namna hiyo nyumbani? Bibi yangu ana kekee, yaani bangili, ya fedha, ameifunga kwenye leso kuukuu chini ya nguo, imeliwa upande mmoja kwa kuvaliwa, na ukimuuliza ilikuwa ya nani anabadilisha mazungumzo. Mama yake Kamala naye anafanya vilevile akiulizwa habari za bibi mzaa bibi. Nilimgeukia bibi, akajifanya anatafuta miwani.

Waliosoma vitabu vya picha wamekasirika, na nawaelewa. Tangu kitabu chake kilipoanza 2014, Kamala alikuwa ananyooka, anakua mkubwa, anabadilika umbo, na ilihusu msichana anayejifunza kuukubali mwili wake. Hapa anatoa mwanga mgumu kama kioo, anaukanyaga hewani. Kwa macho yangu mwanga huo bado haujapendeza, kuna mahali unaonekana umebandikwa tu. Ila kuziunganisha nguvu na ukoo wake, hapo naunga mkono.

Sehemu ya pili ina msikiti, na msikiti wenyewe ni msikiti kweli. Viatu vinaibwa mlangoni! Wanawake wako nyuma ya kizuizi, upande wao umechakaa, sheikh hawamsikii vizuri. Nakia, rafiki yake Kamala, anayevaa hijabu, hanung'uniki pembeni: anagombea kuingia kwenye kamati ya msikiti. Dada zangu mnaonitazama, hilo tulizungumze hapo chini, maana mimi nina mengi. Na sheikh wa pale ni mtu mpole, mcheshi, anawasikiliza. Tumezoea kuona sheikh kwenye filamu za Marekani ameshika bunduki.

Mama anamkumbusha bintiye aseme Bismillahi kabla ya mtihani wa udereva. Bibi aliitikia mwenyewe.

Maadui ndio dhaifu mpaka sasa. Maafisa wa serikali wamevaa suti, wanauliza maswali, hawana sura ya kukumbukwa. Ila kwenye sehemu ya pili wanaamriwa wakaipekue misikiti, na sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo ina uzito gani.

Lugha inakwenda mbio na tafsiri ya Kiswahili hakuna, kwa hivyo ukitazama na wazee jiandae kusimamisha mara kwa mara. Watoto wakubwa wanaweza kutazama pamoja nanyi.

Binamu yangu anaondoka Ijumaa na tableti yake. Leo asubuhi bibi ameuliza kama ataiacha.