Traka ipi ufunge kwenye gari lako Mwanza, na ipi uiache dukani

Gari la mtumba kutoka Japani likiwashwa asubuhi pale Igoma, sauti ya kwanza kusikika mara nyingi ni ya mwanamke anayeongea Kijapani, akikumbusha kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Kadi hiyo ni ya kulipia barabara za kwao. Kwenye kioo cha dashibodi utakuta ramani ya Osaka au Nagoya, na pembeni kitufe chenye alama ya simu. Kitufe hicho ndicho wateja wananiulizia sana. Mama mmoja alinunua Harrier baada ya dalali kumwambia gari "lina intaneti yake". Akaniletea nimuunganishie, awe analiona lilipo akiwa nyumbani Nyegezi.

"Fundi, si ina GPS tayari?"

"GPS inayo, mama. Ila haina wa kumpelekea habari."

Nilimweleza hivi, na naona kila anayetaka kununua traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari, aanzie hapa. GPS ni sikio. Inapokea mawimbi ya setilaiti, inapiga hesabu ya mahali ilipo, basi, haitumi kitu. Ili wewe uone gari kwenye simu yako, ndani ya gari lazima kuwe na kipande kingine ambacho ni simu kamili isiyo na kioo: kina laini, kina IMEI (namba yake ya utambulisho), kinatafuta mnara. Gari litatembea miaka ishirini, lakini simu hiyo ya ndani ilitengenezwa kwa mtandao wa mwaka ule. Mtandao huo ukizimwa, inakufa gari likiwa zima kabisa. Kwa hiyo katika kupanga vifaa hapa chini, kuanzia kilicho bora hadi cha kuacha, nimeuliza maswali mawili tu: kinaongea na mtandao gani, na siku ukifungwa, nitakibadilisha kwa urahisi?

Ya kwanza: traka ya 4G inayoweza kurudi 2G

Hii ndiyo ninayomfungia mtu ninayemjali. Kukiwa na 4G inatumia hiyo, ikikosa inashuka 2G, mtandao uleule unaobeba simu za kitochi. Kati ya Magu na Lamadi, au ukizunguka nyuma ya vilima vya mawe, utashukuru kuwa na njia zote mbili.

Dukani angalia herufi, maana herufi moja inabadilisha kila kitu. Kwa chapa ya Teltonika, FMB920 ni ya 2G peke yake, FMC920 ni 4G yenye 2G. FMM ni 4G ya aina nyingine, LTE-M na NB-IoT, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine. Usiichukue ukidhani ni 4G ya simu yako. Kwa chapa ya SinoTrack, ST-901 ya kawaida ni 2G, yenye L mwishoni ni 4G. Nimeona boksi la 2G likiuzwa kwa bei ya 4G, na muuzaji mwenyewe hajui tofauti.

Kisha uliza bendi. Unataka 3, 20 na 28, yaani masafa ya 1800, 800 na 700. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hakina hizo. Kitawaka, kitapata 2G, na wewe utaamini una 4G hadi siku 2G itakapozimwa. Kama huna uhakika na 4G ya mtaani kwako, chukua laini unayotaka kuitumia, iweke kwenye simu ya Android, piga *#*#4636#*#* na uchague LTE (yaani 4G) pekee (simu nyingi zinakubali). Zunguka nayo Kisesa, Buhongwa, Pasiansi, kote gari lako linakolala. Dakika hizo zitakufaa kuliko maneno ya wakala.

Uliza pia kama kifaa kinahifadhi safari kikikosa mtandao na kuituma kikiupata. Gari likipanda kivuko kwenda Ukerewe, usingependa saa zote hizo zipotee.

Kuna jambo limebadilika hapa kwetu na sioni likizungumzwa. Zamani aliyeiba gari Mwanza akataka kulikimbiza Geita alipaswa kusubiri kivuko, ama Kamanga ama Kigongo, na foleni ile iliwapa wenye magari muda wa kupiga simu. Tangu Juni 2025 Daraja la Magufuli liko wazi, kilomita 3 juu ya maji, na gari linavuka kwa dakika chache usiku na mchana. Ni baraka kubwa kwa wagonjwa na wafanyabiashara. Lakini traka inayotoa taarifa kila baada ya nusu saa haikutoshi tena. Iweke kila dakika moja gari linapotembea. Bado ni megabaiti chache tu kwa mwezi.

Ya pili: mkataba na kampuni ya ufuatiliaji

Unalipia kila mwezi, wao wanafunga, wanasimamia laini, na kuna mtu wa kupokea simu usiku wa manane. Kwa mwenye Fuso tatu au Noah za abiria ni sawa. Ila soma mkataba kwa jambo moja: kifaa wanachofunga ni 2G au 4G, na mtandao ukifungwa nani analipia kipya? Wakisita kuandika jibu, ondoka. Uliza vilevile kama kifaa ni mali yako mkataba ukiisha, na kama kinaweza kuelekezwa kwenye seva nyingine. (Mabasi ya mikoani yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huo ni wa kisheria, mimi siuzungumzii hapa.)

Ya tatu: traka ya 2G

Concox GT06N, ST-901, zile za Coban. Bei ndogo, zinavumilia vumbi, na leo hapa Mwanza zinafanya kazi. Kwa bodaboda, bajaji, au gari unalotarajia kuliuza karibuni, sikukatazi. Simu za kitochi bado ni nyingi, na watu wanatuma pesa kwazo hadi visiwani, kwa hiyo naitegemea 2G hapa kuliko ningeitegemea nchi nyingine. Kwa gari utakalokaa nalo miaka kumi, ongeza pesa uchukue ya kwanza.

Ukinunua hii, badilisha nywila siku hiyohiyo. Juni 2025 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa tahadhari kuhusu SinoTrack: nywila ya kiwandani ni moja kwa wote, na jina la kuingilia ni namba iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe. Aliyeipiga picha namba hiyo anaweza kuliona gari lako, na kwa baadhi ya magari hata kukata mafuta.

Ya nne: ya kuchomeka kwenye OBD

Soketi ile fundi anapochomeka mashine ya kupimia. Huhitaji kukata waya. Mwizi naye hahitaji.

Ya tano: vitufe vya Bluetooth kama AirTag

Havina laini, vinategemea iPhone za watu wanaopita karibu. Katikati ya mji utaviona. Gari likifichwa kijijini Sengerema, kitufe kitakaa kimya. Tena vinamtahadharisha mwenye iPhone anayetembea navyo, hata kama huyo ndiye mwizi. Viweke kwenye funguo.

Ya sita: traka ya 3G

Watu wengi hudhani 3G lazima itadumu kuliko 2G kwa kuwa ni mpya zaidi. Ujerumani walizima 3G mwaka 2021 wakabakisha 2G, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa juu ya 2G. Marekani walianza kwa kuzima 2G. Wenye Nissan Leaf (gari la umeme) za mwanzo kule walipigwa mara mbili: kampuni ya simu AT&T ilifunga 2G mwisho wa 2016, wakabadilishiwa kifaa kuwa cha 3G, nayo 3G ikafungwa Februari 2022. Gari ni lilelile, betri inachaji, lakini programu ya simuni haiwezi kuliona. Uingereza nao, mwaka 2024, Leaf za zamani zilikatiwa huduma hiyo. Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa WCDMA (yaani 3G) bila LTE, lirudishe hata ukipunguziwa bei.

Ya mwisho: mfumo uliokuja na gari

Ndio ule wa Harrier ya mama wa Nyegezi. Wakati Toyota walipoanzisha G-BOOK, huduma yao ya intaneti ya gari, mwaka 2002 ulikuwa mfumo wa ajabu, na waliobuni walikuwa mafundi kwelikweli. Ulipanda juu ya mtandao wa KDDI, kampuni ya simu ya Japani, na KDDI walipozima 3G 31 Machi 2022, G-BOOK ilizimwa siku hiyohiyo. Kampuni nyingine za huko, SoftBank wakafuata 2024, na DoCoMo wakapanga yao 31 Machi 2026. Kabla hata ya hapo, kifaa kile kiliunganishwa na mtandao wa Japani tu, na hakina mahali pa kuweka laini yako ya Voda au Airtel. Dalali akikuongezea bei kwa sababu ya kitufe hicho, mwambie akiondoe kwenye hesabu. Usimlipe hata shilingi.

Ramani unaweza kuipata kwa redio ya Android inayotumia hotspoti ya simu yako. Simu utaibadilisha kila miaka michache na redio itaendelea kutumika.

Siku ya kufunga

IMEI iliyo kwenye lebo itume kwa SMS kwenda 15090 kabla ya kulipa, ujue kama ni halali. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha fundi. *106# itakuonyesha namba zilizo kwa jina lako. Kama gari umelinunua na traka ndani, toa laini ya mwenye gari wa zamani siku ya kwanza, maana huenda bado anakuona. Weka salio mara kwa mara, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Gari likielekea Sirari au Mutukula, washa rominga ya data, la sivyo kifaa kitanyamaza kikishika mnara wa jirani.

Rilei ya kukata mafuta ifungwe, lakini usikate mafuta gari likiwa mwendo kasi, subiri lisimame. Waya wa moto upitishe kwenye fyuzi yake.

Mlipe fundi nusu. Kisha endesha hadi Busisi na kurudi, fungua historia ya safari, na uangalie kama mstari umevuka daraja bila kukatika.