Kabla ya Kununua Bima ya Shamba, Uliza Shamba Lako Limesajiliwa Wapi

Ndengu zangu za Siakago zilikauka zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua, nami sikupata fidia hata ya shilingi moja, ingawa nilikuwa nimelipa ada ya bima kabla ya kupanda. Barua niliyopewa ilisema kwamba mvua ya eneo langu ilitosha. Nilipoisoma mara ya pili niligundua kwamba mahali palipoandikwa chini ya jina langu palikuwa duka la pembejeo mjini Embu, ambako wakala alinisajili kwa simu yake. Mji wa Embu uko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na Siakago iko chini, katika ukavu wa Mbeere. Mvua iliyopimwa haikuwa yangu.

Kwa sababu hiyo sianzi na bei. Bima nyingi za mazao zinazouzwa kwa wakulima wadogo nchini Kenya hazimleti mtu kukagua shamba lako, bali hupima mvua au wastani wa mavuno ya eneo zima, na eneo hilo likionekana kuwa salama, wewe uliyepoteza kila kitu hulipwi. Mtake wakala akuonyeshe kwenye ramani eneo utakalopimiwa, na usikubali kusajiliwa ukiwa kaunta.

Chaguo langu la kwanza, na sioni haja ya kulificha, ni bima ya picha inayoendeshwa na kampuni ya ACRE Africa, ambamo mkulima bingwa wa kijijini hupiga picha za shamba lenyewe kadiri mimea inavyokua, na hasara hukadiriwa kutokana na picha hizo. Ya pili ni bima ya mavuno ya eneo, ambayo serikali iliianzisha mwaka 2016 katika kaunti za Bungoma, Embu na Nakuru kwa mpango wa kulipia nusu ya ada. Inafaa tambarare, ambako jirani akikosa nawe umekosa. Bima ya mvua ya setilaiti naiweka ya tatu. Kadi za bima za bei ndogo zitakusaidia kununua mbegu upya, basi.

Kwa wafugaji wa Wajir na Turkana hesabu ni tofauti, kwa kuwa ukame wa huko hushika eneo pana, na mpango wa serikali ulioanzishwa huko mwaka 2015 ulitazama ukijani wa malisho kwa setilaiti ili pesa zifike mifugo ikiwa hai. Mwenye ng'ombe wa maziwa Nyandarua achukue bima ya ng'ombe mmoja mmoja, na ng'ombe akifa asimzike kabla ya daktari wa mifugo kumwona.

Kinachoniumiza zaidi ni bima inayokatwa ndani ya mkopo wa mbolea bila mkulima kupewa mkataba, kisha wakala hapokei simu hadi msimu wa kuuza urudi. Safari hii nilimtembeza wakala mpya hadi mtaro wa mwisho wa shamba, akasoma kwenye simu mahali tulipo mbele ya macho yangu, ndipo nikasaini.