Simu au kamera kubwa Kilimanjaro?
Ukipandia njia ya Machame, msitu wa chini ndio unaoiumbua simu. Mbega yuko juu mtini, kivuli kimetanda. Ukivuta picha kwa simu unabaki na doa jeupe lenye mkia. Hapo kamera yenye lenzi ya milimita 300, ya kuvuta vitu vya mbali, haina mpinzani. Lakini ua la Impatiens kilimanjari, jekundu, dogo kama ncha ya kidole, simu inalipiga vizuri tu, tena haikuongezei mzigo mgongoni. Bei tusiseme. Betri? Baridi ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, haichagui simu wala kamera; lala nazo ndani ya begi la kulalia. Kama unafuata wanyama, beba kamera. Kama ni maua na kilele, simu yatosha.