Unataka kufanya mazingaombwe? Vitabu vya kununua, kuanzia namba moja

Madogo wa Mwanza mnaoulizia mazingaombwe, kabla hujatuma hela kwa anayeuza boksi la vikombe na mipira ya plastiki, tulia kwanza. Boksi naliweka mkiani, ukionyesha mara mbili mtaani washakushtukia. Klipu za TikTok sizipangi kabisa, kamera inakaa sehemu moja tu, we simama pale Mwaloni Kirumba uone watu wanavyokuzunguka hadi mgongoni, nusu ya hizo triki zinafia hapohapo.

Namba moja ni The Royal Road to Card Magic, cha Jean Hugard na Frederick Braue. Kinaanza na kuchanga karata kawaida tu, kama tunavyochanga kwenye last card, ila karata ya juu unaivuta peke yake kwa gumba iangukie mkono wa kushoto, zingine zote zinafuata juu yake, sasa iko chini kabisa, unachanga tena ukihakikisha hiyo ndo inashuka ya mwisho na hapo imerudi juu, wakati mtazamaji aliyeichagua anaapa imeshapotea. Kila mbinu inafuatiwa na triki za kuitumia, kwahiyo hukariri vitu hewani.

Kama Kiingereza kinakusumbua basi panda na namba mbili, Mark Wilson's Complete Course in Magic cha 1975. Michoro kibao, hatua kwa hatua, karata, sarafu, kamba, vitambaa, vyote vimo. Kinene balaa.

Tatu ni Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, 1952. Wamarekani wanatumia nusu dola, ambayo ni kubwa, sisi tuna sarafu ya mia tano na inatosha kabisa. Kuibana kiganjani siyo kazi, kazi ni mkono usikakamae, gumba lisisimame kama la mtu anayeomba lifti. Ikae humo humo huku unashika simu, unampa konda nauli, unafunga kamba za viatu, mpaka usahau kama ipo.

The Expert at the Card Table cha S. W. Erdnase kilitoka 1902 na mpaka leo watu wanabishana huyo Erdnase alikuwa nani. Dai Vernon, mwanamazingaombwe ambaye wenzie walimuita Profesa, alikisoma tangu mtoto. Ni kikali ila nakiweka nne maana Kiingereza chake ni cha kale, halafu usikinunue, PDF ni bure, haki miliki ilishaisha, sawa na Modern Magic cha Professor Hoffmann cha 1876. Peleka steshenari wakuprintie na kubaindi.

Na kama bimkubwa anahisi unajifunza uchawi, mwambie huko Uingereza mwaka 1584 Reginald Scot alianika siri za viinimacho kwenye kitabu ili watu waache kuwaua wazee kwa kuwasingizia uchawi, jambo ambalo kanda yetu hii tunalijua vizuri mno.

Ukiagiza nakala kwa mtu wa Dar muombe picha ya kurasa zenye michoro kabla hujalipa, zipo za kurudufu zilizofifia mpaka huoni kidole kipi kimeshika sarafu, na hiyo hata kwa nusu bei usichukue.