Spika za mnara kwa muziki na filamu: jozi niliyoiuza na jozi niliyobaki nayo

Jozi ya kwanza ya spika za mnara, zile ndefu za kusimama sakafuni, nilikaa nayo miezi mitatu nikaiuza. Ya pili inakaribia kumaliza mwaka na sina mpango wa kuitoa. Majina ya kampuni nayaacha makusudi, kwa sababu kosa la mara ya kwanza halikuwa la spika peke yake. Lilikuwa langu pia, na la chumba.

Nilitaka kitu kimoja tu: seti ya sebuleni ambayo mchana itanipigia muziki na usiku itabeba filamu, bila upande mmoja kupunjwa. Nilikuwa natoka kwenye ile sabufa ya kawaida, yenye boksi moja la besi na vispika vidogo vidogo vya kusambaza. Ukishaizoea hiyo, masikio yanakuwa yamefundishwa kwamba besi nyingi ndiyo sauti nzuri. Nikaingia dukani na masikio hayo.

Muuzaji akaweka wimbo anaoujua yeye, akapandisha sauti, koni (zile sahani za spika zinazosukuma hewa) zikawa zinacheza mpaka unaziona ukiwa upande wa pili wa chumba. Nikasema ni hizi hizi. Zilikuwa ndefu zinanifika kifuani, koni tatu za besi kila moja, rangi ya mti iliyokolea. Sikuwa na wimbo wangu hata mmoja wa kujaribia. Kwa kweli nilijiuzia mwenyewe mbuzi kwenye gunia, na gunia lilikuwa wazi.

Nyumbani siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kufikia wiki ya pili nikaanza kuchoka bila kujua kinachonichosha. Mpiga gitaa la besi akigusa ule uzi mnene wa chini, chumba kizima kinavuma, na noti zinazofuata zinamezwa humo humo. Kwenye filamu ndiyo ikawa vituko. Mlango wa gari ukifungwa ni radi, halafu mtu akisema neno la maana tunatazamana: "Amesemaje?" Mke wangu akashika rimoti moja kwa moja. Milipuko anapunguza, mazungumzo anaongeza, filamu nzima hivyo hivyo.

Ilinichukua muda kuelewa. Spika zimekaa kwenye ukuta wa mita 5, na kutoka ukuta huo hadi ule ulio nyuma ya kochi ni mita 4. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua namba hiyo, igawe kwa mara mbili ya umbali kati ya kuta mbili zinazotazamana, na utapata mvumo ambao chumba chenyewe kinaupenda. Kwangu ni 343 kwa 8, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 43 hivi. Sasa uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi 4, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Wamekutana mlangoni! Juu ya hayo kochi lilikuwa limegandana na ukuta, mahali ambapo mvumo wa namna hiyo huwa na nguvu kuliko katikati ya chumba, na spika nazo nilizisukuma ukutani huku zikiwa na tundu la hewa mgongoni. Spika yoyote ingevuma pale. Zile zilikuwa zimetengenezwa ziwe na besi ya kuzidi ili zivutie dukani, kwa hiyo zikavuma maradufu.

Nikavuta kochi mbele mita nzima (hapo palikuwa na mjadala wa kifamilia ambao siusimulii), na spika nikazileta mbele mpaka uso wake ukawa sentimita 60 kutoka ukutani. Mvumo ukapungua sana, haukuisha. Mazungumzo yakabaki kule kule. Hapo ndipo nilipokubali kwamba spika zenyewe zina bonde katikati: besi imepanda, sauti nyembamba za juu zinang'aa, na binadamu amerudishwa nyuma ya pazia. Bonde kama hilo huwezi kulitibu kwa kuhamisha kochi. Nikaziuza, hasara nikaimeza.

Safari ya pili nilikwenda na flashi yenye vipande vinne tu. Mwanamke anaimba na gitaa moja. Gitaa la besi na ngoma, bila mwimbaji. Kwaya kubwa. Na kipande cha filamu ambacho watu wawili wananong'ona huku mvua inanyesha. Hicho cha nne ndicho kilichofukuza spika nyingi kuliko vyote. Mvua ni mtihani mkali: kwenye spika mbovu inasikika kama mafuta yanayokaangwa, na mnong'ono unazama ndani yake. Kwenye spika nzuri unasikia matone upande huu, matone upande ule, na maneno yamesimama mbele peke yake. Ukinilazimisha nitaje kigezo kimoja kinachounganisha muziki na filamu, ni sauti ya binadamu. Masikio yetu yameizoea tangu tumboni mwa mama na hayadanganyiki. Spika ikiikosea hiyo, mengine yote ni mapambo.

Baada ya mchujo zikabaki jozi mbili, na muuzaji huyu wa pili (Mungu ambariki) akakubali nizichukue zote mbili mwisho wa wiki mmoja. Moja ilikuwa ndefu, yenye twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) iliyokaa ndani ya pembe kama mdomo wa tarumbeta. Nyingine ilikuwa fupi kidogo, koni mbili za milimita 165 na twita ya kuba ya kawaida kabisa. Moyo ulikuwa kwenye ile ndefu. Najua udhaifu wangu, kwa hiyo nikamwita mdogo wangu, tukatundika shuka mbele ya spika zote, yeye akawa nyuma anabadilisha waya na mimi nimekaa na karatasi ya maksi mkononi.

Msiicheke shuka. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa masuala ya spika, walionyesha kwamba wasikilizaji wanaoziona spika wanatoa maksi tofauti na wanazotoa wakiwa hawazioni, na hata wazoefu hawakupona. Kuna jambo la pili ambalo ni la lazima: sawazisheni ukubwa wa sauti kabla hamjaanza. Spika iliyo juu kidogo tu itakudanganya kwamba ndiyo bora. Sisi tulitumia programu ya simu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Simu si kipimo cha maabara, ila kwa kulinganisha A na B kutoka kiti kile kile inatosha.

Maksi zangu zilinishangaza. Ile ya pembe ilishinda kwenye ngoma. Ikipiga, imepiga, huna swali. Lakini kwaya ilinichokesha dakika ya kumi, na yule mwanamke wa gitaa alikuwa kama anaimbia ndani ya chombo cha bati. Ile fupi ilishinda vipande vitatu kati ya vinne, na ndiyo niliyobaki nayo. Mdogo wangu alipobadilishana nami kiti, yeye akachagua ile ya pembe bila kusita, na mpaka leo hajabadili msimamo. Anasikiliza kwa sauti ya juu sana, na kwa usikilizaji wake huenda yuko sahihi. Kuna aina ya tatu ambayo sikuipata ya kujaribu nyumbani: twita iliyowekwa katikati ya koni yenyewe, mtindo ambao KEF waliuleta mwaka 1988 kwa jina la Uni-Q. Niliisikia dukani tu, na nilipenda jinsi sauti ilivyobaki ile ile nilipokuwa natembea kutoka upande mmoja wa chumba kwenda mwingine.

Sasa namba za kwenye karatasi. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika zisikusumbue, hicho ni kiasi inachoweza kuvumilia, hakikuambii italia kwa nguvu gani. Tafuta namba inayosema desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja. Zangu ni 87. Maana yake kwa wati 10 ni 97, kwa wati 100 ni 107. Kila desibeli 10 zinataka umeme mara kumi, na sikio linaona sauti imekua kama mara mbili tu. Ile jozi ya pembe ilikuwa 92, tofauti ya desibeli 5, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya wati kwa sauti ile ile. Ukiwa na risiva ndogo (ile amplifaya inayoendesha spika zote) na chumba kikubwa, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa rangi. Angalia pia omu, yaani jinsi spika inavyoukinza umeme. Spika inayoshuka mpaka omu 4 au chini yake inainyonya risiva mkondo mwingi, na wati za kwenye boksi la risiva mara nyingi zilipimwa spika mbili tu zikiwa zinafanya kazi, wakati filamu inaamsha tano au saba.

Kilichoiokoa risiva yangu ni sabufa, na hapa nasema lile boksi la besi peke yake. Nilijua wapo watakaouliza: una minara mikubwa, sabufa ya nini tena? Mimi mwenyewe niliuliza hivyo. Kwa muziki mwingi, kweli, siihitaji. Mnara wangu unashuka vizuri mpaka hezi 40 na kidogo, na gitaa la besi linakaa humo. Lakini filamu zina njia yao ya pekee ya besi, ile inayoandikwa ".1" kwenye 5.1 (spika tano na njia moja ya besi), na humo kuna mitetemo ya hezi 20 na 30. Mnara wenye tundu la hewa ukishafika mwisho wake unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Kuulazimisha ni kuitesa koni.

Risiva ilipojipima yenyewe kwa ile maikrofoni yake iliandika kwamba spika zangu ni "kubwa" na ikazipelekea besi yote. Nikaingia kwenye mipangilio nikazibadili kuwa "ndogo", mkato (mpaka ambao chini yake besi inakwenda kwenye sabufa) nikauweka hezi 80. Jina linaumiza ukizitazama zilivyo, lakini faida ilikuwa ya papo hapo: kazi nzito ikahamia kwenye sabufa yenye amplifaya yake, risiva ikapumua, na sauti za kati zikasafika. Kwa muziki nina mpangilio mwingine niliouhifadhi, minara peke yake, sabufa imelala.

Spika ya katikati nilitaka kuiruka ili nibane matumizi. Wiki tatu tulitazama bila hiyo. Mimi nikikaa katikati ya kochi, maneno yanatoka mdomoni mwa mtu kwenye skrini, safi kabisa. Mke wangu aliyekaa kulia alikuwa anasikia kila mtu anaongea kutoka spika ya kulia. Nikanunua, na nikanunua ya ukoo ule ule wa minara, kwa sababu sauti ya mhusika ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia haitakiwi kubadilika njiani kama mtu aliyepata mafua. Nimeiweka chini ya TV, nimeiinua pua kidogo itazame masikio badala ya magoti. Tatizo lake moja nilikuja kuligundua baadaye. Ni ya kulala, twita katikati na koni mbili pembeni, na mtu wa mwisho kabisa kwenye kochi anakosa kidogo ule ukali wa maneno, kwa vile zile koni mbili zinagombana ukizisikiliza kwa pembeni. Ningekuwa na nafasi ya kusimamisha spika ya katikati wima, ningefanya hivyo.

Kuna aibu moja lazima niitaje. Siku nne za kwanza nilikuwa nasikia besi nyembamba na mwimbaji hajulikani alipo, nikaanza kuandaa maneno ya kurudishia mzigo. Kumbe spika ya kushoto nilikuwa nimegeuza waya, nyekundu kwenye nyeusi. Nikageuza, mwimbaji akarudi katikati kama hakuna kilichotokea. Nyaya zenyewe ni za shaba, unene wa milimita za mraba 2.5, za kawaida.

Malalamiko yangu ya mwaka mzima hayazidi matatu. Kitambaa cha mbele kinashikwa na vipini vya plastiki, kimoja kimeshavunjika. Zile chuma za ncha kali za miguuni zinakwaruza sakafu, nikazitoa nikaweka za mpira. Na nikisikiliza kwa sauti ya chini sana usiku, minara inakosa mwili kidogo, ndipo huwa naiamsha sabufa hata kwa muziki.

Ule mvumo wa hezi 43 bado haujaondoka wote. Nimeutafuta kwa kutembea chumbani na simu mkononi huku mdogo wangu akirudia noti moja, na nimegundua kona ya kushoto mwa kochi inazidi kiti cha katikati. Nasikia sabufa mbili zilizowekwa pande mbili za chumba husawazisha tofauti ya kiti na kiti. Nimeshapima nafasi ya hiyo ya pili, kati ya kabati na dirisha. Bado sijamwambia mke wangu.